Mstari wa Chini wa Ukurasa wa Pantoni

Ni wiki tatu tangu nilipokabidhi funguo, na tayari mmenipigia simu mara nne kuuliza jambo lile lile: kwa nini ukurasa wetu wa pantoni una mstari mrefu chini kabisa, unaotaja siku, unaotaja saa, kisha unamwambia msomaji atazame saa yake mwenyewe. Mnasema unaharibu sura. Mnasema tovuti nyingine hazina mstari kama huo. Ni kweli. Mnaweza kuufuta, nywila mnazo, na mimi sasa nashinda Likombe nikipalilia mihogo na kugombana na kuku wa jirani. Lakini kabla hamjaufuta, someni haya. Nitaandika kama nilivyozoea, kuanzia juu kwenda chini. Vyeo nilivyopanda sitavitaja, maana havikuwahi kunisaidia kupata kosa hata moja.

Nilihamia Mtwara mwanzoni mwa miaka ya tisini, mpiga chapa kutoka Mbinga, mtu wa milima na ukungu ambaye bahari alikuwa ameiona kwenye kalenda. Ofisi ilikuwa Ufukoni, vyumba vitatu na stoo, na kazi yake ilikuwa moja: kuendesha pantoni inayovusha magari na watu karibu na mdomo wa Ruvuma, kwenda ng'ambo ya Msumbiji na kurudi. Siku ya kwanza simu ililia kabla sijaondoa kifuniko cha taipureta.

"Pantoni leo saa ngapi?"

Nikafungua majalada nikitafuta ratiba. Hakukuwa na ratiba. Nikamuuliza mtunza stoo, Bwana Nachenga, aliyekuwa mlangoni akihesabu makopo ya grisi. Hakuinua kichwa.

"Mwambie saa saba na nusu."

"Na kesho?"

"Kesho saa nane na kitu. Mama Upendo, pantoni haina ratiba. Ina maji."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na bado naliona bora kuliko yote yaliyofuata. Pale mtoni pantoni hutembea maji yakijaa tu. Yakitoka, mchanga unachomoza mgongo katikati ya mto, na chombo kinakaa kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Maji hayo hujaa kila siku kwa kuchelewa, saa moja kasoro kidogo kuliko jana. Kwa hiyo mtu wa huku haulizi habari za kesho. Anauliza ya leo, anaongeza mwenyewe ile saa kasoro kidogo, anaondoka zake. Nachenga, Mmakonde aliyekulia ukingoni mwa mto ule, hakuhitaji hata ya leo. Alitazama mwezi jioni akifunga stoo, na asubuhi alikuwa na jibu.

Nilijibu simu ile kwa karibu miaka kumi. Pantoni saa ngapi. Madereva, wafanyabiashara, walimu wa likizo, mtu mmoja aliyepiga kila Ijumaa na sikumbuki kama aliwahi kuvuka. Nilikuwa napiga barua kwa mkono wa kulia na kushika simu kwa wa kushoto, na usingizini watoto wangu walinisikia nikisema, "Saa tano na robo, fika mapema."

Kisha meneja wetu akaenda semina Dar es Salaam, akarudi na neno tovuti. Alilitamka kama mtu aliyerudi na dawa.

"Wewe ndiye unapiga chapa haraka kuliko wote," akaniambia. "Tengeneza."

Nilitaka kumwambia kwamba mwenye mbio si lazima awe na njia. Nikatengeneza. Kurasa za kawaida si ngumu: unaandika maneno, unayazungushia alama, yanatokea kwenye kioo. Tatizo ni kwamba ukurasa wa namna hiyo ni maiti. Ukiandika saa saba na nusu, utasema saa saba na nusu mpaka kiama. Kila asubuhi ilinibidi nibadilishe saa kwa mkono na kuupandisha upya kwa laini ya simu, ile ile moja ya ofisi. Nikifika nusu, meneja chumbani kwake anainua mkono wa simu kumpigia mtu wa bandarini, na kazi yangu inakatika. Naanza tena. Anainua tena. Siku nyingi ukurasa ulifika baada ya pantoni kuondoka.

Ndipo nikasoma habari za PHP, lugha inayopandwa ndani ya ukurasa wenyewe, katikati ya maneno ya kawaida, kama mtu anavyopanda kunde katikati ya mihogo. Unafungua kwa alama ya mshale na ya kuuliza, unaandika maagizo, unafunga. Kompyuta ya mbali inayotunza tovuti, yaani seva, inasoma maagizo hayo, inayatimiza, kisha inayaondoa, na msomaji anaona jibu tu. Ningeweza kuweka humo jedwali lote la maji ya mwaka kutoka bandarini, niongeze muda ambao maji huchelewa kufika mtoni, halafu ukurasa wenyewe ujue leo ni lini na uchague mstari wa leo. Nilichapisha somo la kurasa thelathini kwenye duka la intaneti karibu na stendi, nikalitoboa matundu, nikalitia kwenye jalada kama barua nyingine yoyote. Nikajiona nimeokoka.

Siku ya kwanza niliandika maagizo matatu, nikafungua faili pale pale kwenye kompyuta ya ofisi. Kioo kikabaki cheupe. Nikarudia. Cheupe. Nilipoteza siku mbili kabla ya kuelewa kwamba kompyuta yetu haijui lugha ile hata kidogo. Inayojua ni seva peke yake. Nikaupandisha kwenye seva, nikasahau kubadilisha mwisho wa jina la faili, na maagizo yangu yote yakatokea hadharani, na alama zake, mbele ya dunia nzima. Meneja aliuona kabla yangu.

"Hii ni lugha gani?"

"Ndiyo hiyo tuliyoitafuta."

"Wateja wetu hawaisemi."

Nikarekebisha jina. Ukaja ujumbe wa kosa, mstari wa kumi na nne. Mstari wa kumi na nne haukuwa na kosa. Niliusoma mpaka macho yakaona nyota. Hili mliandike ukutani, enyi mnaobaki: lugha hii inalalamika pale ilipojikwaa, na jiwe liko nyuma. Kosa lilikuwa mstari wa kumi na tatu, nukta mkato iliyokosekana mwishoni. Alama moja, ndogo kuliko mdudu wa unga, na pantoni nzima haina saa.

Aliyeigundua ni Nachenga, ambaye hajawahi kugusa kibodi. Wapiga chapa wa zamani tulikuwa na desturi ya kusomeana: mmoja anashika nakala na kusoma kwa sauti, na vituo vyote, mwingine anafuata kwenye karatasi ya mwanzo. Kosa ambalo jicho limelizoea, sikio hulikataa. Ofisini sikuwa na mpiga chapa mwenzangu, basi nikamwita yeye. Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi, akashika karatasi mbali na uso.

"Mwangwi," akasoma, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha kuliita agizo la kuandika, na kila jina katika lugha ile hutanguliwa na alama ya dola. "Mabano. Dola leo. Mabano. Hapa hakuna kitu. Juu uliweka nukta na mkato, hapa hukuweka."

"Uko sahihi."

"Na hizi dola? Kila mahali dola leo, dola saa, dola maji. Kumbe tuko matajiri, na mshahara unatoka tarehe gani?"

Tangu siku ile, kila kitu nilichoandika alikisoma yeye kwa sauti kabla hakijapanda. Alisimama pale penye mlango wa stoo, harufu ya grisi na ya kamba zilizolowa ikitoka nyuma yake, akisoma maneno asiyoyajua kwa utulivu wa mtu anayesoma sala ya dini nyingine. Sijawahi kuwa na mwalimu mwenye sikio kama lile.

Ukurasa ukaanza kuishi. Niliuamuru utaje na jina la siku. Ukataja kwa Kiingereza. Nikaamua kuufundisha Kiswahili: unaandika orodha ya majina saba, na lugha inatoa namba ya siku, unachukua jina lenye namba hiyo. Nikaanza orodha na Jumamosi, kwa sababu ni mosi, ya kwanza. Mtoto wa darasa la pili anajua. Lugha ile inaanza na Jumapili, tena inaihesabu sifuri. Nachenga alisoma orodha, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, akasema iko sawa, kwani ilikuwa sawa kwa mtu yeyote aliyezaliwa upande huu. Siku ya Jumatatu meneja akafungua ukurasa.

"Leo Jumapili," akasoma. "Basi mbona mko kazini?"

Nilimwambia nitarekebisha ndani ya dakika kumi. Alikuwa ameshapigiwa simu na watu wawili, hakutaka dakika kumi.

"Ondoa hayo majina. Andika LEO, inatosha. Nani asiyejua leo ni lini?"

Nikaandika LEO. Mpiga chapa hufundishwa kupiga anachoambiwa. Lakini sentensi ile ya meneja nimeibeba miaka yote kama mwiba uliovunjikia unyayoni.

Baadaye ikaja kero nyingine. Watu waliosoma ukurasa alfajiri walilalamika kwamba wanafika mtoni mapema mno, wanasubiri juani karibu saa nzima. Ilinichukua wiki kuelewa. Seva yetu ilikuwa Marekani, na saa yake ilikuwa nyuma yetu kwa saa nane. Huku ikiwa saa mbili asubuhi, kule ndiyo kwanza siku inabadilika. Kwa hiyo kabla ya saa mbili, LEO ya ukurasa ilikuwa jana. Na kwa kuwa maji ya jana hutangulia ya leo, hakuna aliyeachwa. Walichomwa jua tu. Tazameni lilivyo jambo: kosa lilikuwa linawafikisha mapema. Nikaandika agizo la kuongeza saa nane, Nachenga akalisoma, "dola saa, jumlisha, nane," na malalamiko yakakoma. Huko kwao, nikaja kujua, hata saa wanaibadilisha kwa majira kama nguo, lakini hiyo kero acha niiache.

Sasa nafika pale ambapo nisingependa kufika.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Meneja alitaka kurasa zetu zote ziwe na kichwa kimoja: jina la ofisi, picha ya pantoni, na saa ya pantoni ya leo. Kichwa hicho unakiandika kwenye faili moja, na kila ukurasa unakiita. Kwa kuwa kichwa nacho kilihitaji saa sahihi, nilinakili lile agizo la kuongeza saa nane nikalitia humo. La zamani nikaliacha pale pale kwenye ukurasa. Miaka ishirini nilikuwa nimepiga barua kwa karatasi ya kaboni. Mkono wangu haujui kuhamisha, unajua kutoa nakala. Na siku hiyo sikumwita Nachenga anisomee. Alikuwa stoo akifunga mizigo yake ya safari, na mimi nikasema moyoni, ni mstari ule ule alioshausoma. Nikapandisha. Nikatazama saa nne asubuhi, ukawa sahihi. Saa nane, sahihi. Nikazima nikaenda posta.

Safari ya Nachenga haikuwa ya kutembea. Dada yake aliolewa ng'ambo, na wanawe watatu walikuwa wanatoka jandoni. Kwa Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye siku ile. Yeye ndiye anayeleta nguo mpya, na yeye ndiye anayewavika. Asipofika, watoto hawavikwi, na wasipovikwa hawajatoka, hata kama wamesimama uwanjani. Alikuwa amekodi pikapu, ameweka magunia ya mchele wa karamu, na nguo tatu amezikunja ndani ya kanga kwa mikono yake mwenyewe. Alipaswa kuvuka kesho yake jioni, ili alfajiri inayofuata awepo.

Jioni ile, saa kumi na nusu, alipita mezani kwangu kuaga. Sikuwepo. Kompyuta aliifungua mhasibu kwa kumsaidia. Ukurasa ulisema: LEO pantoni saa tisa na dakika hamsini. Akafanya kama wote wanavyofanya huku. Akaongeza saa kasoro kidogo, akapata saa kumi na dakika arobaini, akaenda nyumbani kulala.

Kesho yake jioni redio ya ofisi ikakoroma. Alikuwa nahodha wa pantoni.

"Ofisi, huyu Nachenga wenu yuko hapa kwenye tope na gari la mchele. Mwambieni pantoni imeshakwenda na kurudi."

"Haiwezekani," nikasema. "Ukurasa unasema saa kumi na dakika arobaini, na hiyo ndiyo kwanza inafika."

"Mimi nimeondoka saa tisa na dakika hamsini. Maji yameshageuka."

"Nahodha, natazama ukurasa hapa."

"Basi uje huo ukurasa umvushe."

Nikarudisha mkono wa redio mahali pake. Asubuhi nilikuwa nimeutazama ukurasa ule na ulisema saa tisa na dakika hamsini. Sasa ulisema vingine, na hakuna aliyeugusa. Nikachapisha maagizo yote, nikaenda kusimama penye mlango wa stoo uliofungwa, nikayasoma kwa sauti, peke yangu, na vituo vyake. Dola saa, jumlisha, nane. Nikaendelea. Dola saa, jumlisha, nane. Sikio likakataa.

Kichwa kiliongeza saa nane, kisha ukurasa ukapokea saa iliyokwisha kuongezwa na kuiongeza nane nyingine. Kwa ukurasa wetu siku ilikuwa inabadilika saa kumi jioni, ikitangulia yetu kwa saa nane. Kuanzia hapo, kilichoandikwa LEO kilikuwa kesho. Nachenga alisoma maji ya kesho, akayaongezea ya kesho kutwa. Kama neno lile lingekuwa Ijumaa, angeliona kwa jicho moja. Lilikuwa LEO, na nani asiyejua leo ni lini.

Kufuta mstari mmoja kulinichukua muda wa kumeza mate. Maji hayakurudi kwa sababu hiyo. Pantoni haivuki gizani, na maji mengine ya mchana yangejaa kesho jioni.

Nachenga alirudi baada ya siku nne. Alifungua stoo, akaanza kuhesabu makopo ya grisi kama siku ya kwanza nilipomwona. Nikamfuata.

"Bwana Nachenga, kosa ni langu. Niliandika mara mbili, na sikukuita unisomee."

Akahesabu mpaka kopo la mwisho.

"Nilivuka alfajiri kwa mtumbwi," akasema. "Mchele nikauacha na dereva. Nguo niliziweka kichwani, maana viboko walikuwa karibu na mpiga kasia alitaka mikono yangu imsaidie. Ng'ambo nikakodi baiskeli. Nimefika jua limeshainama. Watoto walikaa tangu alfajiri kwenye mkeka, wamefunikwa shuka, hawali, hawasemi. Wa mwisho alikuwa amelala, kashikiliwa na kaka zake asianguke."

"Na dada yako?"

"Dada alikuwa anawaambia watu nimeliwa na mamba. Alinipokea kwa matusi, kisha akalia. Wazee wa upande wa baba walisema wao wangeshamaliza saa nyingi. Hilo litasemwa mpaka nife." Akavua miwani. "Unajua kinachoniuma? Mawingu hayakuwepo. Mwezi ulikuwa juu, mzima. Miaka yote natazama mwezi. Jioni ile nilitazama kioo chako, nikaona nimeshajua."

Kisha akauliza, si kwa hasira, kama anayeuliza habari za mgonjwa:

"Huo ukurasa wenyewe unajua ni saa ngapi?"

"Lazima ujue. Ndiyo kazi yake ya kwanza."

"Na siku unaijua?"

"Inaijua seva, ndiyo."

"Basi mbona ukurasa umenyamaza? Mtu akikuambia njia, unamtazama kwanza kama amelewa. Na wenyewe useme, watu wautazame kama umelewa."

Nilikwenda kuandika papo hapo, sikumuuliza meneja. Niliweka majina saba, Jumapili kwenye sifuri yake, na saa kwa hesabu yetu ya huku. Nachenga akasimama nyuma yangu akanitajia maneno, kisha akayasoma kwa sauti mara mbili kabla sijapandisha. Ni yale yale mnayotaka kuyafuta: *Leo ni Jumanne. Kwa saa ya ukurasa huu sasa ni saa tatu na robo asubuhi. Tazama saa yako. Zikipishana, usiondoke, tupigie.*

Simu, kwa hiyo, haikuisha. Meneja alilalamika kwamba tumetengeneza tovuti ya kuwaambia watu wapige simu. Nilimwambia ndiyo.

Ukurasa ule umekosea mara nyingine tangu siku ile. Seva ilihamishwa bila taarifa, majira yao yalibadilika, jedwali la mwaka mpya lilichelewa. Kila mara kuna mtu alitazama saa yake, akapiga simu, akabaki nyumbani. Hakuna tena aliyeachwa kwenye tope kwa ajili ya maandishi yangu. Katika kazi yangu yote hilo ndilo ninaloweza kulisema bila kushusha sauti.

Bwana Nachenga alistaafu kabla yangu. Mpwa wake, yule wa mwisho aliyelala kwenye mkeka, ana simu yenye intaneti, na kila wakitaka kuvuka humsomea mjomba wake ukurasa wetu. Mzee anadai asomewe kuanzia chini. Akishasikia siku na saa, anatazama saa yake ya mkononi, kisha anatoka nje kutazama mwezi.

Sasa futeni, kama bado mnaona unaharibu sura. Namba ya Bwana Nachenga nimeiandika kwa chaki ndani ya mlango wa stoo. Mpigieni ninyi mumwambie. Ila kabla ya yote, muulizeni kwake ni saa ngapi.